Heinrich Hertz: Mwanafizikia Aliyepima Mawimbi Yasiyoonekana

Neno megahertz hutajwa kila siku katika vituo vya redio, katika leseni za mawasiliano na katika taarifa za mamlaka zinazosimamia masafa. Wananchi wengi hulipokea kama neno la kitaalamu tu, ilhali ndani yake limo jina la mtu. Heinrich Rudolf Hertz, mwanafizikia wa Ujerumani aliyefariki dunia tarehe 1 Januari, 1894 akiwa na umri wa miaka 36, ndiye aliyethibitisha kwa vipimo kwamba mawimbi ya sumakuumeme husafiri hewani. Ndiye pia aliyetengeneza kwa mikono yake antena za kuyatoa na kuyapokea mawimbi hayo, wakati ambapo duniani hapakuwa na redio hata moja.

Kazi yake imepata sura mpya katika miaka ya karibuni, baada ya kampuni changa za teknolojia kuanza kutumia ndege ndogo zisizo na rubani, maarufu kama ndege nyuki, kupima na kurekebisha antena za setilaiti. Miongoni mwa kampuni hizo ni QuadSAT ya mjini Odense, nchini Denmark. Ndege nyuki hubeba kifaa cha redio, hupita mbele ya dishi kwa njia iliyopangwa, na katika kila nukta husoma nguvu ya mawimbi hadi ikamilike ramani ya namna dishi hilo linavyotoa au kupokea mawimbi. Kwa asili yake, hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Hertz kwa miguu yake mwenyewe mwaka 1888, akiwa na kipande cha waya mkononi, ndani ya ukumbi wa mihadhara uliotiwa giza.

Mtoto wa Hamburg

Hertz alizaliwa tarehe 22 Februari, 1857 katika mji wa bandari wa Hamburg, akiwa mtoto wa kwanza kati ya watoto watano. Baba yake, Gustav Hertz, alikuwa wakili ambaye baadaye alikuwa seneta wa mji huo. Ukoo wa baba ulikuwa wa asili ya Kiyahudi, lakini ulikwisha kuingia katika Ukristo wa Kilutheri kabla Heinrich hajazaliwa. Jambo hilo halikuwa na uzito mkubwa katika maisha yake, ila lilikuja kuandama jina lake miaka mingi baada ya kufa kwake.

Tangu utotoni alionesha vipaji viwili ambavyo mara chache hukutana kwa mtu mmoja. Upande mmoja alikuwa hodari wa lugha. Alisoma Kigiriki na Kilatini, kisha akajifunza Kiarabu kwa bidii iliyomfanya mwalimu wake amshauri baba yake amwache kijana huyo ajikite katika taaluma za lugha za Mashariki. Upande wa pili alikuwa fundi. Nyumbani alikuwa na meza ya useremala na mashine ya kukereza, na kwa vifaa hivyo alijitengenezea vyombo vya majaribio ya fizikia. Inasimuliwa katika kumbukumbu za familia yake kwamba fundi mkereza aliyemfunza kazi, alipopata habari miaka mingi baadaye kuwa mwanafunzi wake amekuwa profesa, alisikitika kwamba ufundi umepoteza mkerezaji bora.

Baada ya kumaliza shule mwaka 1875, Hertz alikusudia kuwa mhandisi wa ujenzi. Alifanya mazoezi ya kazi mjini Frankfurt, akasoma kwa muda mfupi mjini Dresden, kisha akatumikia mwaka mmoja katika kikosi cha reli cha jeshi mjini Berlin. Alipofika Munich mwaka 1877 ili kuendelea na uhandisi, aligundua kwamba moyo wake haukuwa katika kujenga, bali katika kutafuta sababu za mambo. Aliandika barua kwa baba yake kuomba ridhaa ya kubadili masomo, na baada ya kuipata akaingia katika fizikia. Ufundi wa mikono hakuuacha, na ndio uliokuja kumtofautisha na wanafizikia wengi wa kizazi chake.

Swali la Berlin

Mwaka 1878 alihamia Chuo Kikuu cha Berlin, alikofundishwa na Hermann von Helmholtz na Gustav Kirchhoff, wanafizikia wawili waliosifika kote Ulaya. Helmholtz alitambua mapema uwezo wa kijana huyo. Mwaka 1879, akiwa na umri wa miaka 22, Hertz alishinda nishani ya dhahabu ya chuo kwa utafiti uliohoji iwapo mkondo wa umeme una uzito unaoweza kupimika.

Katika mwaka huohuo, Chuo cha Sayansi cha Prussia kilitangaza zawadi kwa atakayethibitisha kwa majaribio sehemu ya nadharia ya James Clerk Maxwell. Mwanafizikia huyo wa Scotland alikuwa amechapisha mwaka 1865 hesabu zilizoonesha kwamba nguvu za umeme na sumaku huenea kwa mawimbi yenye kasi sawa na ya mwanga, na kwamba mwanga wenyewe ni mawimbi ya aina hiyo. Wataalamu wengi wa Ujerumani hawakuikubali nadharia hiyo, wakishikilia kuwa umeme hufanya kazi kwa mbali papo hapo, bila kuchukua muda. Maxwell alifariki Novemba 1879 bila kuona uthibitisho wowote wa wazi wa mawimbi yake.

Helmholtz alimtaka Hertz aishughulikie zawadi hiyo. Hertz alikaa na swali, akafanya hesabu, kisha akakataa. Alikuwa amebaini kwamba kwa vyombo vilivyokuwepo, matokeo yaliyotarajiwa yangekuwa madogo kiasi cha kutotofautika na makosa ya kipimo. Kwa kijana aliyekuwa akitafuta jina, ilikuwa rahisi kujaribu bahati na kutangaza chochote. Yeye aliliweka swali hilo akilini na kusubiri chombo kitakachotosha.

Alipata shahada ya udaktari mwaka 1880 na kubaki Berlin kwa miaka mitatu akiwa msaidizi wa Helmholtz. Mwaka 1883 alikwenda kufundisha Kiel, ambako hakukuwa na maabara ya kufaa. Upungufu huo ulimrudisha kwenye karatasi, na mwaka 1884 akachapisha uchambuzi wa kina wa milinganyo ya Maxwell. Hivyo, alipopewa uprofesa katika Chuo cha Ufundi cha Karlsruhe mwaka 1885, alikuwa ameshika pande zote mbili za jambo: nadharia kichwani na ufundi mikononi.

Cheche gizani

Mjini Karlsruhe Hertz alifunga ndoa Julai 1886 na Elisabeth Doll, binti wa mhadhiri mwenzake. Walijaliwa mabinti wawili, Johanna na Mathilde. Katika miezi ya mwisho ya mwaka huohuo ndipo alipokutana na chombo alichokisubiri kwa miaka saba.

Katika kabati la vifaa vya kufundishia palikuwa na koili bapa mbili zilizotumika kuonesha wanafunzi tabia za umeme. Hertz aliona kwamba cheche ndogo ilipopita katika koili moja, cheche nyingine ilitokea katika koili ya pili iliyokuwa kando yake. Wengi wangeliona hilo kuwa jambo la kawaida la darasani. Yeye alitambua kwamba cheche ile ilikuwa ikiutikisa umeme kwa kasi kubwa kuliko yoyote iliyowahi kupatikana, na kwamba kasi hiyo ndiyo iliyokosekana mwaka 1879.

Aliunda kisambazaji chake kwa waya mnene wa shaba ulionyooka, wenye mwanya mdogo katikati na duara za zinki kwenye ncha zake mbili. Koili ya kuzidisha msongo wa umeme ilirusha cheche katika mwanya huo, na umeme ukakimbia mbele na nyuma katika waya mamilioni ya mara kwa sekunde. Kipokezi kilikuwa chepesi zaidi: pete ya waya yenye mwanya uliopimwa kwa sehemu za mia za milimita. Mawimbi yalipoifikia pete, cheche hafifu iliruka katika mwanya huo. Cheche hiyo ilikuwa ndogo mno hata ikambidi Hertz afanye kazi gizani, akisubiri macho yake yazoee kabla ya kuanza kusoma.

Katika hatua hiyo lilitokea jambo ambalo hakulitafuta. Alipoifunika pete kwa kisanduku ili aione cheche vizuri zaidi, cheche ilipungua. Badala ya kulipuuza, alisimamisha kazi yake kuu kwa miezi kadhaa na kujaribu vizuizi vya aina mbalimbali, kimoja baada ya kingine, hadi akathibitisha kuwa mwanga wa urujuanimno kutoka katika cheche kubwa ndio uliokuwa ukiisaidia cheche ndogo kuruka. Alichapisha matokeo hayo mwaka 1887, kisha akarejea kwenye mawimbi. Tukio hilo ndilo ambalo Albert Einstein alilitolea maelezo mwaka 1905, na ambalo lilitajwa alipopewa Tuzo ya Nobel ya mwaka 1921.

Ukumbi na nguzo zake

Jaribio lililobeba uzito wa maisha yake lilifanyika katika ukumbi wa mihadhara wa fizikia wa Karlsruhe. Ukumbi huo ulikuwa na urefu wa takriban mita 15, upana wa mita 14 na kimo cha mita 6, na ulikuwa na safu mbili za nguzo za chuma. Hertz aliondoa sehemu za taa za gesi zilizoning'inia katika njia ya mawimbi. Katika ukuta wa mbali alitundika bati la zinki lenye urefu wa mita 4 na upana wa mita 2, akaliunganisha na mabomba ya gesi na maji, kisha akaweka kisambazaji upande wa pili.

Hoja yake ilikuwa rahisi kueleweka. Mawimbi ya bahari yanapogonga ukuta wa gati hurudi na kukutana na yale yanayokuja. Mahali pengine hujumlishana na maji yakapanda, pengine hufutana na maji yakatulia. Ikiwa umeme husafiri kwa mawimbi, basi kati ya kisambazaji na bati la zinki lazima pawe na mahali ambapo cheche inapata nguvu na mahali ambapo inatoweka. Ikiwa umeme hufanya kazi papo hapo bila mawimbi, mahali hapo hapatakuwepo.

Hertz alichukua pete yake na kuanza kutembea. Alisimama hatua chache kutoka ukutani, akasoma cheche, akasogea, akasoma tena. Aliigeuza pete wima, akailaza, akaielekeza kulia na kushoto. Cheche ilipata nguvu, ikafifia, ikatoweka, kisha ikarudi. Kutokana na umbali kati ya mahali palipotulia, aliukadiria urefu wa wimbi lake kuwa takriban mita 9.6. Nadharia ya Maxwell ilikuwa imetoka katika karatasi na kuingia katika chumba ambamo mtu aliweza kuonesha kwa kidole mahali wimbi linapoinuka na mahali linaposhuka.

Ushindi huo ulikuwa na doa, na doa hilo ndilo linaloifanya kazi yake iwe funzo kwa wahandisi wa antena hadi leo. Wimbi la karibu mita 10 lilikuwa kubwa mno kwa ukumbi wa mita 15. Kuta na nguzo za chuma nazo zilirudisha mawimbi, na vipimo vikachafuka. Hertz alipolinganisha mawimbi ya hewani na yale yanayopita katika waya, alipata kasi mbili tofauti, kinyume cha nadharia aliyokuwa akiithibitisha. Hakuyaficha matokeo hayo. Aliyachapisha kama yalivyokuwa. Aidha, mwanahisabati wa Ufaransa, Henri Poincaré, alibaini kosa katika hesabu ya muda wa mtikisiko ambayo Hertz aliitumia kukadiria kasi. Hertz alilikiri kosa hilo katika kitabu cha majaribio yake kilichotoka mwaka 1892. Mwaka uliofuata, watafiti wawili wa Geneva, Édouard Sarasin na Lucien de la Rive, walirudia jaribio katika ukumbi mkubwa zaidi wakiwa na ukuta mkubwa zaidi wa chuma, na kasi zote mbili zikaonekana kuwa sawa. Chombo cha Hertz kilikuwa sahihi. Mahali pa kupimia ndipo palipokuwa na kasoro.

Dishi la mita 1.2

Hertz mwenyewe alikuwa ametafuta njia ya kuuepuka ufinyu wa ukumbi. Kwa kuwa hakuweza kuupanua, aliufupisha wimbi. Katika miezi ya mwisho ya mwaka 1888 alitengeneza kisambazaji kidogo chenye urefu wa takriban sentimita 26 tu, kilichotoa mawimbi ya takriban sentimita 66. Kwa lugha ya leo, hayo ni masafa ya takriban megahertz 450, yaliyomo katika kundi la UHF.

Mawimbi mafupi yaliweza kukusanywa na kuelekezwa kama mwanga wa kurunzi. Alikunja bati la zinki kwa umbo la parabola, likawa kioo chenye kimo cha mita 2 na mdomo wa upana wa mita 1.2, na kisambazaji akakiweka katika mstari wa fokasi. Kioo cha pili cha aina hiyo kilibeba kipokezi. Kwa vioo hivyo viwili alionesha kwamba mawimbi hunyooka, hukingwa na kizuizi cha chuma, hupita katika mlango wa mbao na huakisiwa na ukuta wa bati. Alitengeneza prizimu kubwa ya lami ngumu yenye uzito wa takriban kilo 600, na mawimbi yakapinda ndani yake kama mwanga unavyopinda ndani ya kioo. Alisimamisha fremu ya nyaya zilizopangwa sambamba, akaona kwamba nyaya zikielekea upande mmoja mawimbi huzuiwa, na zikigeuzwa robo duara hupita.

Matokeo hayo yaliwasilishwa katika Chuo cha Sayansi cha Berlin Desemba 1888, na mjadala juu ya Maxwell ukafungwa kwa wanasayansi wengi. Mambo aliyoyapima siku hizo, yaani upana wa mwale, mwelekeo wake na ulalo wa mtikisiko wake, ndiyo yanayoandikwa leo katika cheti cha ukaguzi wa antena yoyote ya setilaiti.

Heshima, maradhi na mauti

Heshima zilifuata kwa kasi. Alipata nafasi ya kurithi kiti cha Kirchhoff mjini Berlin, lakini alichagua chuo cha Bonn, alikohamia mwaka 1889, akitafuta utulivu wa kufanya utafiti. Kiti cha Berlin kikaenda kwa Max Planck. Mwaka 1890, Jumuiya ya Kifalme ya London ilimtunuku Nishani ya Rumford.

Desemba 1889, mhandisi mmoja wa Munich alimwandikia kuuliza kama mawimbi yake yangeweza kutumika kupeleka sauti ya simu bila waya. Hertz alijibu kwamba mitikisiko ya sauti ya simu ni ya polepole mno. Wimbi la umeme la mitikisiko 1,000 kwa sekunde lina urefu wa kilomita 300, na kulikusanya kungehitaji vioo vyenye ukubwa wa bara. Baadhi ya waandishi wamelichukua jibu hilo kuwa ushahidi kwamba hakuona manufaa ya ugunduzi wake. Kwa swali aliloulizwa, jibu lilikuwa sahihi kabisa. Mbinu ya kuibebesha sauti juu ya wimbi jingine lenye masafa ya juu, ambayo ndiyo msingi wa redio ya leo, ilikuja baada ya uhai wake.

Kuanzia mwaka 1892 afya yake iliharibika. Maumivu yaliyoanzia puani na mdomoni yalienea, na mfululizo wa upasuaji haukumletea nafuu ya kudumu. Aliendelea kuandika kitabu chake cha misingi ya mekanika na kufundisha hadi Desemba 1893. Alifariki Bonn siku ya kwanza ya mwaka 1894, akamwacha mjane na mabinti wawili, mkubwa akiwa na miaka 6 na mdogo akikaribia kutimiza 3. Alizikwa Hamburg katika makaburi ya Ohlsdorf. Kitabu chake kilichapishwa mwaka huohuo kikiwa na utangulizi wa mwalimu wake Helmholtz, ambaye naye alifariki Septemba 1894.

Katika mwaka huo wa msiba, kijana wa Italia aliyeitwa Guglielmo Marconi alisoma habari za majaribio ya Hertz na kupata wazo la kupeleka ujumbe bila waya. Mwaka 1901 Marconi alitangaza kupokea ishara iliyovuka Bahari ya Atlantiki. Hertz angekuwa na umri wa miaka 44.

Jina lililoondolewa ukutani

Mwaka 1930, Tume ya Kimataifa ya Ufundi wa Umeme iliamua kwamba kipimo cha mitikisiko kwa sekunde kiitwe hertz. Miaka mitatu baadaye Wanazi walishika madaraka nchini Ujerumani. Chini ya sheria zao za ubaguzi, asili ya Kiyahudi ya ukoo wa baba ilitosha kumfanya marehemu huyo wa Kilutheri asistahili heshima, na picha yake ikaondolewa mahali pa heshima katika Jumba la Jiji la Hamburg. Binti yake Mathilde, mtafiti wa tabia za wanyama aliyekuwa na sifa kubwa katika fani yake, alipoteza haki ya kufundisha. Mjane Elisabeth na mabinti wake wawili walihamia Uingereza, na hawakurudi tena kuishi katika nchi ambayo Heinrich aliiletea heshima.

Utawala ule uliweza kuishusha picha, lakini kipimo kilikwisha kuenea. Mwaka 1960, Mkutano Mkuu wa Vipimo na Mizani uliithibitisha hertz kuwa sehemu ya mfumo wa kimataifa wa vipimo. Mji wa Hamburg nao uliupa mnara wake wa televisheni, uliofunguliwa mwaka 1968, jina la Heinrich Hertz.

Kutoka ukumbini hadi angani

Dishi la setilaiti lenye kipenyo cha mita 1.2, sawa na upana wa mdomo wa kioo cha Hertz, ni jambo la kawaida leo juu ya paa za benki, hospitali na ofisi zilizo mbali na nyaya za mawasiliano. Katika masafa ya gigahertz 12, mwale wa dishi hilo una upana wa takriban nyuzi 1.5. Setilaiti linayoielekea huwa juu ya mstari wa ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, na jirani zake wanaweza kuwa umbali wa nyuzi 2 au 3 tu. Kosa la nyuzi 1 paani hugeuka kuwa zaidi ya kilomita 600 kule juu. Dishi lililopinda au lililolegea hukosa setilaiti yake, na zaidi ya hapo huweza kumwaga mawimbi kwenye setilaiti ya jirani na kuvuruga huduma za watu wengine.

Kulipima dishi kama hilo kunahitaji nafasi. Kwa masafa hayo, kipimo sahihi cha moja kwa moja huanza katika umbali wa takriban mita 115, mahali ambapo mwale umekwisha kutulia katika umbo lake. Umbali huo haupatikani katika vyumba vingi vya maabara, na madishi makubwa yaliyokwisha kusimikwa hayawezi kung'olewa na kupelekwa maabara. Ndege nyuki hutatua tatizo kwa kukipeleka kipimo kwenye antena. Ikiongozwa na mfumo wa setilaiti wa kutambua mahali kwa usahihi wa sentimita, huruka mbali na kuta na nguzo, katika hewa ya wazi ambayo Hertz aliikosa Karlsruhe.

Kwa Afrika Mashariki, ambako mstari wa ikweta unapita, suala hilo halipo mbali. Katika pwani ya Kenya, kituo cha anga cha Luigi Broglio kilichopo karibu na Malindi kina antena za kufuatilia setilaiti, na ni katika jukwaa lake la baharini ilikorushwa setilaiti ya Uhuru tarehe 12 Desemba, 1970, siku ya maadhimisho ya uhuru wa nchi hiyo. Nchini Tanzania, usimamizi wa masafa uko chini ya Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na urushaji wa ndege zisizo na rubani husimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga. Masafa ni rasilimali ya umma kama ilivyo ardhi, na mipaka yake huweza kulindwa tu pale vyombo vinavyoitumia vinapopimwa na kuhakikiwa, kama mizani ya sokoni inavyohakikiwa.

Ndege nyuki inapotua baada ya kazi, mhandisi hufungua ramani iliyochorwa nukta kwa nukta. Huonekana mahali mwale ulipo na nguvu, mahali unapofifia na mahali unapotoweka. Pembeni mwa ramani hiyo, ikionesha masafa yaliyotumika, husomeka alama ya GHz. Herufi zake mbili za mwisho zinatokana na jina la mtu aliyetembea gizani na pete ya waya, akasoma cheche moja baada ya nyingine, na kutangaza kile tu alichokipima.